Keto kali, mfungo au kupunguza wanga: ipi itakufikisha kwenye ketosisi?

Anayetaka kuingia kwenye ketosisi, yaani hali ambayo mwili unachoma mafuta na ini linayageuza kuwa ketoni za kutumika kama nishati, mara nyingi huanza kwa kununua kipima sukari. Asubuhi anatoboa kidole. Akikuta 4.8 (mmol kwa lita) anafurahi, akikuta 5.9 anavunjika moyo na kuanza kukilaumu chakula cha jana usiku. Mashine ile haijamwambia lolote kuhusu ketoni. Imempa tu kiasi cha glukosi, yaani sukari, kilichokuwemo kwenye damu wakati ule. Kinachoamua kama ini litatengeneza ketoni ni insulini, homoni ya kongosho inayoingiza sukari kwenye seli, na insulini haisomeki kwenye kipima sukari.

Nalinganisha hapa njia tatu ambazo watu hubabaika kati yake: keto kali, mfungo, na kupunguza wanga kwa kiasi. Zote zinashusha insulini. Zinapishana katika namna zinavyoishusha, muda ambao inakaa chini, na bei yake kwa mfuko na kwa mwili. Kabla ya kuzipima, tuelewane kwanza kuhusu sukari na insulini, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea.

Sukari sawa, insulini tofauti

Ketoni hutengenezwa na ini kutokana na mafuta. Mafuta hayo lazima yatoke kwanza kwenye seli yalikohifadhiwa, na insulini ndiyo inayoyazuia yasitoke. Wala haihitaji kuwa nyingi: kiasi kidogo ambacho hakitoshi hata kuingiza sukari vizuri kwenye misuli kinatosha kabisa kuyafungia mafuta ndani. Insulini ikishuka, na glukagoni inayofanya kazi kinyume chake ikapanda, mafuta huachiwa, hufika kwenye ini, na sehemu yake hugeuzwa ketoni. Ubongo, ambao kwa kawaida hula kama gramu 120 za glukosi kwa siku, huanza kuzipokea ketoni kujazia upungufu.

Sasa chukua watu wawili waliopima asubuhi kabla ya kula. Wote wana sukari ya 5.2, namba ambayo daktari yeyote ataiita ya kawaida. Wakipimwa insulini maabara, wa kwanza ana 4, wa pili ana 20 (kipimo ni µU kwa mililita). Mwili wa huyu wa pili umekuwa sugu kwa insulini, kwa hiyo kongosho lake linalazimika kumwaga mara tano zaidi ili sukari ibaki palepale. Kuna hesabu ambayo watafiti huitumia kukadiria usugu huo, HOMA-IR: unazidisha sukari kwa insulini, kisha unagawa kwa 22.5. Wa kwanza anapata 0.9, wa pili anapata 4.6. Wote wawili wakiacha ugali leo, wa kwanza anaweza kuona ketoni keshokutwa, na wa pili akakaa siku kadhaa zaidi bila kuona kitu. Hajakosea chakula. Insulini yake ina safari ndefu zaidi ya kushuka.

Kinyume chake kipo pia, na ni cha hatari. Mwenye kisukari aina ya kwanza ambaye hakuchoma sindano anaweza kuwa na sukari ya 20 na ketoni nyingi kwa wakati mmoja. Sukari imejaa kwenye damu, lakini kwa kuwa insulini haipo, mafuta yanamwagika bila kizuizi na ini linatengeneza ketoni bila kikomo hadi damu inakuwa na asidi. Hiyo ni dharura ya hospitali, na ndiyo inayowafanya wahudumu wengi wa afya washtuke wakisikia neno ketoni. Ketosisi ya chakula huwa kati ya 0.5 na 3.0 mmol kwa lita, na kwa mtu ambaye kongosho lake linafanya kazi, ketoni zikipanda huchochea insulini kidogo inayozizuia zisipitilize.

Jambo la mwisho kabla ya kulinganisha ni akiba. Ini la mtu aliyeshiba hubeba kama gramu 100 za glukosi ya akiba, yaani glaikojeni. Misuli ina akiba kubwa zaidi, ila inaitumia yenyewe, hairudishi kwenye damu. Kwa hiyo usiku ukiwa umelala ni ini linaloshikilia sukari yako isianguke, na akiba yake hukauka takriban siku moja baada ya kuacha kula. Njia zote tatu zinagusa mambo haya mawili: kuimaliza akiba ya ini na kuishusha insulini.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa maswali yaleyale. Insulini inashukaje na inakaa chini muda gani? Sukari itaonyesha nini kwenye mashine? Ketoni zinakuja lini, kama zinakuja? Chakula chake kinapatikana vipi kwenye masoko yetu, na kinagharimu kiasi gani? Tahadhari zake ni zipi, hasa kwa anayemeza dawa? Halafu inamfaa nani.

Keto kali: wanga chini ya gramu 50 kwa siku

*Insulini.* Hapa unaondoa kitu kinachoichochea zaidi. Wanga hupandisha insulini kuliko vyakula vyote, protini huipandisha kwa kiasi, mafuta hayaipandishi karibu kabisa. Ukibaki kati ya gramu 20 na 50 za wanga kwa siku, insulini inakuwa chini mchana kutwa, hata baada ya mlo. Hiyo ndiyo nguvu yake: unakula na bado uko kwenye ketosisi. Wanaokwama mara nyingi ni wale waliogeuza keto kuwa nyama choma bila kipimo. Protini ya gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito inawatosha watu wengi.

*Sukari.* Baada ya kula haitaruka. Asubuhi, hata hivyo, inaweza kukushangaza. Kuna watu wenye ketoni nzuri kabisa ambao sukari yao ya alfajiri ni 5.6 au 5.8, juu kuliko ya jioni. Sababu ni mbili: homoni za alfajiri huliambia ini litoe glukosi, na misuli iliyozoea kuchoma mafuta inaiacha ile glukosi kidogo kwa ajili ya ubongo. Ukienda kupimwa kwa kipimo cha kunywa glukosi ukiwa kwenye keto, majibu yanaweza kutoka ya mgonjwa wa kisukari ilhali huna. Ndiyo maana mwongozo wa kipimo hicho ni kula angalau gramu 150 za wanga kwa siku tatu kabla yake. Mwambie daktari unachokula kabla hajakuandikia dawa.

*Ketoni.* Wengi hufika 0.5 kati ya siku ya pili na ya nne. Mwenye insulini ya juu anaweza kuchukua wiki moja au zaidi.

*Chakula na mfuko.* Hapa ndipo ugumu ulipo, na makala nyingi za keto zimeandikwa kwa watu wenye jokofu lililojaa jibini. Ugali uliotokana na gramu 150 za unga mkavu una wanga zaidi ya gramu 110. Chapati iliyokula gramu 50 za unga wa ngano ina kama 35. Gramu 200 za wali zina kama 55. Sahani moja tu, na kikomo cha siku kimepita. Chai nayo isikuponyoke: kikombe chenye mililita 100 za maziwa na vijiko viwili vya sukari kina gramu 13, kwa hiyo vikombe vitatu ni karibu 40, na bado hujatafuna kitu. Hata maharage, ambayo ni chakula kizuri, yana gramu 45 za wanga kwa bakuli la gramu 200, ingawa karibu theluthi yake ni nyuzinyuzi.

Kinachobaki si kidogo, lakini kina bei: mayai, dagaa, samaki, nyama, kuku, parachichi, tui la nazi, samli, mchicha, sukuma wiki, matembele, kabichi, bamia, biringanya. Parachichi ni rafiki mkubwa wa njia hii, kwa sababu wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi. Karanga ziko mpakani: kiganja kimoja sawa, mfuko mzima hapana. Kwetu wanga ndio shibe ya bei nafuu, na ukiuondoa lazima kitu kingine kijaze tumbo. Familia inayokula sinia moja itahisi tofauti hiyo kabla ya mwisho wa mwezi. Dagaa wa kukaanga na mboga za majani zilizoungwa kwa tui ndiyo keto ya bei ya chini kuliko zote ninazozijua.

*Tahadhari.* Insulini ikishuka, figo huanza kutoa chumvi na maji mengi. Siku za mwanzo kichwa kinauma, miguu inabana, mwili unalegea, na watu husema keto imewakataa. Mara nyingi ni chumvi tu: supu yenye chumvi na maji ya kutosha hurekebisha. Anayemeza dawa za presha aonane na daktari mapema, kwa sababu kipimo kilichokuwa sahihi kinaweza kuwa kikubwa mno ndani ya wiki chache. Wengine hupandisha lehemu mbaya kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo pima kabla na baada ya miezi mitatu.

*Inamfaa nani.* Mtu anayependa sheria iliyo wazi, anayepika mwenyewe au mwenye uwezo wa kupikiwa chakula chake kando, na ambaye njaa ndiyo iliyomshinda kwenye njia nyingine. Ketoni na protini hutuliza njaa ya watu wengi.

Mfungo: kula ndani ya muda mfupi, au kutokula kabisa kwa muda

*Insulini.* Inashuka kwa sababu rahisi, hakuna kinachoingia. Kila saa baada ya mlo wa mwisho inateremka, na usiku ndipo inapofika chini zaidi. Ila ukifungua kwa chakula cha wanga, inapanda palepale. Kwa hiyo mfungo unakupa saa za insulini ya chini zinazofuatwa na saa za insulini ya juu, na kinachojenga au kubomoa kazi yako ni mlo wa kufungulia.

*Sukari.* Kwa mtu asiye na kisukari haianguki kama watu wanavyohofia. Ini linatoa akiba, na akiba ikipungua linaanza kutengeneza glukosi mpya kutokana na protini na sehemu ya mafuta. Kuona 4.2 baada ya saa 18 ni kawaida. Chini ya 3.9 ukiwa unatetemeka na kutokwa jasho, ule.

*Ketoni.* Hapa matangazo yamezidi ukweli. Mpango wa saa 16 bila kula na saa 8 za kula, kwa mtu anayekula ugali na wali, humfikisha mlangoni tu. Akiba ya ini haijaisha, na ketoni nyingi huwa bado chini ya 0.5 anapofungua. Mfungo wa saa 24 huanza kuzionyesha vizuri, na siku mbili hadi tatu huzipeleka 1 na kupita. George Cahill na wenzake wa Boston walionyesha mwaka 1967 kwamba watu wanene waliofunga wiki tano hadi sita wakiwa wamelazwa hospitalini, ubongo wao ulikuwa unapata sehemu kubwa ya nishati kutoka kwenye ketoni. Lakini hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari usiku na mchana. Usijaribu nyumbani.

Ramadhani inaulizwa sana. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar funga huchukua saa 13 hadi 14 hivi. Anayekula daku yuko mbali na ketosisi adhuhuri. Jua likizama, tazama meza: tende, uji wa pilipili manga wenye sukari, mihogo ya nazi, viazi vitamu, kaimati zilizozama kwenye shira. Muhogo peke yake, gramu 200 za kuchemsha, una wanga kama gramu 75. Akiba ya ini iliyopungua mchana inajaa tena kabla ya tarawehe, na insulini inafika kileleni wakati mtu anakaribia kulala. Funga ni ibada na ina thamani yake bila ketoni. Anayetaka vyote viwili afungue kwa tende moja na maji, aswali, kisha ale samaki, mboga na supu, wanga uwe wa pembeni.

*Chakula na mfuko.* Hii ndiyo njia isiyohitaji kununua kitu. Mlo mmoja unapungua, familia inaendelea na chakula chake. Kwa mtu wa kipato kidogo hilo si jambo dogo. Chai ya rangi bila sukari na maji havivunji mfungo. Kuhusu kahawa yenye mafuta ya nazi inayosifiwa sana: mafuta hayatapandisha insulini kwa kiasi cha kutajika, na ketoni zinaweza kupanda kidogo, lakini sehemu yake zimetokana na kijiko ulichokoroga kikombeni. Kitambi hakijaguswa.

*Tahadhari.* Anayemeza dawa za kisukari za glibenclamide, gliclazide au glimepiride, au anayechoma insulini, asifunge bila kupangiwa dozi upya. Dawa hizo hazijui kama umekula. Zitashusha sukari vilevile, na kuzimia kunaweza kuja usingizini. Metformin, dawa nyingine ya kisukari, peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Mwenye vidonda vya tumbo, aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula, na mzee aliyekonda, hawa mfungo huwaumiza zaidi ya kuwafaa.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye asubuhi hana njaa, ambaye ratiba yake inabana, na ambaye kwake kujizuia kabisa kwa muda ni rahisi kuliko kujizuia nusunusu. Haumfai yule anayefika saa ya kufungua akiwa na hasira na sufuria zima la wali mbele yake.

Kupunguza wanga kwa kiasi: gramu 50 hadi 130 kwa siku

*Insulini.* Inashuka, lakini haibaki sakafuni. Kila mlo unaipandisha kwa mwinuko mfupi, kisha inarudi chini. Kwa mwenye insulini ya 20 kama yule wa mfano wetu, hata hatua hii peke yake inaweza kuleta mabadiliko makubwa ndani ya miezi, hasa kiuno kikipungua.

*Sukari.* Hapa ndipo kipima sukari kinapokuwa na faida yake halisi. Pima kabla ya mlo, kisha saa mbili baada ya kuanza kula. Utaona ugali wa dona na wa sembe unavyokupandisha, na kama kiazi kitamu cha kuchemsha ni rafiki au adui kwako. Matembezi ya dakika 15 baada ya chakula huonekana kwenye namba siku hiyohiyo, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari bila kusubiri insulini nyingi.

*Ketoni.* Wengi hawatazipata, au watazipata kidogo alfajiri na kuzipoteza baada ya kifungua kinywa. Mwembamba anayelima au anayekimbia anaweza kuwa kwenye ketosisi nyepesi hata kwa gramu 70, kwa sababu misuli yake inamaliza akiba kila siku. Mtu wa ofisini asitarajie hilo.

Lakini je, ni lazima uzipate? Nadhani swali hili linakimbiwa. Utafiti wa DIETFITS wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2018, ulifuatilia watu wazima 609 kwa mwaka mmoja: kundi moja lilipunguza wanga, jingine mafuta. La kwanza lilipungua wastani wa kilo 6.0, la pili kilo 5.3, tofauti ambayo watafiti hawakuiona kuwa ya maana. Zaidi ya hapo, kiasi cha insulini ambacho mtu alitoa mwanzoni hakikutabiri njia ipi ingemfaa. Na utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliotoka mwaka 2017 uliwapa wenye kisukari aina ya pili vinywaji na supu za kalori 825 hadi 853 kwa siku, zaidi ya nusu ya kalori hizo zikitoka kwenye wanga. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa nje ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kupungua uzito ndiko kulikofanya kazi. Ketosisi ni barabara mojawapo ya kufika huko.

*Chakula na mfuko.* Rahisi kuliko keto, na ndiyo pekee inayokaa kwenye sinia la familia. Tonge la ugali linapungua kuwa ukubwa wa ngumi, mboga zinaongezeka hadi nusu ya sahani, maharage yanabaki, na sukari ya chai ndiyo inayoondoka kwanza. Embe si dhambi, ila moja linatosha.

*Tahadhari.* Chache kuliko za njia nyingine. Wanaochoma insulini au kumeza glibenclamide na jamaa zake bado wanahitaji kupangiwa dozi. Hatari nyingine ni ulegevu: bila kipimo, tonge la ngumi hukua polepole hadi linakuwa lilelile la zamani.

*Inamfaa nani.* Mtu anayetaka kitu atakachokifanya miaka mitano ijayo, anayekula na wengine, na ambaye lengo lake ni sukari na uzito bila kujali ketoni zinasoma ngapi.

Utajuaje kama umefika

Kipima sukari pekee hakitoshi, kwa sababu tulizozitaja. Sukari ya chini inaendana na ketosisi mara nyingi, lakini si ushahidi wake.

Stripu za mkojo ni za bei nafuu na famasi nyingi wanazo. Zinapima asetoasetati, aina moja ya ketoni, wala hazioni beta-hidroksibutirati, ambayo ndiyo iliyojaa zaidi kwenye damu. Ukinywa maji mengi rangi inafifia, na ukiwa umekaukiwa inakolea bila sababu. Zinafaa wiki za mwanzo kujibu ndiyo au hapana.

Kipima ketoni cha damu ndicho kinachopima ketoni yenyewe inayotakiwa. Tatizo ni bei ya stripu zake, ambazo ni ghali kuliko za sukari na si kila mji unazo. Mtu wa kawaida hana haja ya kupima kila siku. Mwenye kisukari aina ya kwanza, kwake si anasa.

Kuna pia harufu ya asetoni mdomoni, kama ya kuondolea rangi ya kucha. Wenzako huigundua kabla yako.

Anayetaka kujua kuhusu insulini yenyewe aombe maabara impime insulini ya asubuhi kabla ya kula, pamoja na sukari ya saa ileile, kisha afanye ile hesabu ya 22.5. Hospitali kubwa za mijini huifanya. Kipimo kimoja mwanzoni na kingine baada ya miezi mitatu kinaeleza mengi kuliko kutoboa kidole kila alfajiri.

Kwa hali yako

Kama sukari yako ni ya kawaida na unataka kupunguza uzito, chagua ile ambayo njaa yake unaivumilia. Ukiwa huna uhakika, anza na kupunguza wanga kwa wiki chache. Keto na mfungo vitakuwa vyepesi zaidi ukitokea hapo kuliko ukitokea kwenye sahani ya wali na chapati mbili.

Kama sukari ya asubuhi iko kati ya 5.6 na 6.9, kiuno kimeongezeka na kwenu kisukari kipo, yaelekea insulini yako iko juu kitambo. Keto kali itakupa matokeo ya haraka kwenye mashine, mfungo utakugharimu kidogo, kupunguza wanga kutadumu. Wengine huunganisha: wanga kidogo, chakula cha jioni mapema, hakuna kitu hadi saa nne asubuhi. Muungano huo hufikisha wengi kwenye ketosisi nyepesi bila kuiita keto.

Kama una kisukari aina ya pili na unameza metformin tu, njia zote tatu ziko wazi kwako, kwa taarifa ya kliniki yako. Ukiwa kwenye glibenclamide, gliclazide au insulini, dozi ipangwe upya kabla ya kuanza, si baada ya kuanguka. Weka sukari mfukoni: vijiko vitatu au vinne kwenye maji ikishuka chini ya 3.9, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Kama unatumia dawa za kisukari za empagliflozin au dapagliflozin, keto na mfungo mrefu usivianze mwenyewe. Dawa hizi hutoa sukari kwa mkojo, na ukiongeza upungufu wa wanga, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni huku kipima sukari kikisoma namba nzuri. Kutapika, tumbo kuuma na kupumua kwa nguvu ni safari ya hospitali hata kama sukari ni 9.

Mjamzito na anayenyonyesha waache ketosisi kwa sasa. Kupunguza sukari na vyakula vya ngano nyeupe kunatosha, kwa ushauri wa kliniki. Mtoto mwenye kifafa kisichotulia kwa dawa ni habari nyingine: lishe ya keto ilibuniwa kwa ajili hiyo mwaka 1921 na Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, na hadi leo inatumika, lakini kwa mizani ya jikoni, daktari wa mishipa ya fahamu na mtaalamu wa lishe.

Na mwenye kisukari aina ya kwanza: kupunguza wanga kwa kiasi kunaweza kukurahisishia kupanga dozi, ukiwa na timu yako ya kliniki. Hata usipokula kabisa, insulini ya msingi, ile ya kufanya kazi muda mrefu, haiachwi. Ukiumwa pima ketoni, zikifika 1.5 piga simu kliniki, zikifika 3.0 nenda hospitali usiku huohuo.